Fort Jesus, Mombasa: nenda asubuhi, tafuta mtu wa kukueleza, na usiipite ile mizinga miwili ya nje

Kwa wenye haraka naanza na jibu: ndio nendeni, hela ya kiingilio haipotei. Ila ukienda kwa ajili ya selfi tu pale juu ya ukuta bahari iko nyuma yako halafu ushuke utoke, nusu saa umemaliza, na utarudi nyumbani kusema "aah ni mawe tu na jua", maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi kabla sijaenda, na sasa najua kwanini wanasema hivyo. Ngome yenyewe haijielezi. Ni kuta, ni kiwanja, ni magofu ya kanisa, na kama huna mtu wa kukupa mkasa wake unaona mawe kweli.

Mimi natokea Tanga, kwa hiyo Mombasa kwetu ni jirani, unapanda basi unavuka Horohoro, unafika Likoni unaingia feri na watu wote wa dunia hii na mikokoteni yao, ukitoka ng'ambo ya pili unachukua tuktuk unamwambia Fort Jesus au Ngomeni, hakuna dereva asiyejua. Elewaneni bei kabla hujakaa. Inafunguliwa saa mbili asubuhi inafungwa saa kumi na mbili jioni, na ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni uwe pale mlangoni saa mbili. Kuanzia saa tano huko juu ya kuta hakuna kivuli, matumbawe yanapiga joto kutoka chini na jua kutoka juu, hasa msimu wa kaskazi, nimeona watalii wazungu wamekuwa wekundu mpaka unawaonea huruma. Chukua maji, kofia, na viatu vya kushika, ngazi za zamani hazilingani hata mbili na kuna sehemu zimelainika kwa miguu ya miaka mia nne.

Malipo ni kwa simu, mimi nilikuwa na shilingi za Kenya mkononi hazikunisaidia kitu, bahati dada mmoja nyuma yangu alinilipia nikampa keshi. Kuna bei ya raia, bei ya mkazi na bei ya mgeni, na zinapishana sana, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti usiache hotelini.

Sasa kabla hujaingia. Nje pale kuna mizinga miwili mikubwa ya kisasa kidogo, sio ile midogo ya Kireno ya kuzagaa ndani, hii ni ya meli za vita. Watu wanaipita kama wanapita nguzo ya umeme. Mtoto mmoja alikuwa amekaa juu yake anakula ubuyu. Jamani hiyo mizinga miwili ina mkasa ambao kwa Mtanzania unatosha kabisa kulipia nauli!

Mmoja umetoka kwenye meli ya Waingereza Pegasus na mwingine kwenye meli ya Wajerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 vita kuu ya kwanza ina wiki chache tu, Pegasus iko bandarini Zanzibar injini imefunguliwa inatengenezwa, alfajiri Königsberg ikatokea ikaipiga palepale ilipofunga nanga, ilikuwa na mizinga inayofika mbali kuliko ya Pegasus kwa hiyo ilisimama kwa mbali ikapiga bila kuguswa, wanamaji zaidi ya thelathini wakafa na meli ikazama. Halafu Königsberg ikakimbilia kujificha kwetu kwenye delta ya Rufiji, ndani kabisa kwenye mikoko, Waingereza wakahangaika nayo miezi na miezi mpaka walipoleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege za kuangalia risasi zinaangukia wapi, tarehe 11 Julai 1915 kapteni wake akaona basi, akaizamisha mwenyewe. Hapo ungesema imeisha. Wajerumani wakaingia kwenye matope ya Rufiji wakaing'oa mizinga yote kumi, ikapelekwa Dar kutengenezewa magurudumu, ikaanza kuburuzwa nchi nzima kwenye vita ya Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani huku kwetu. Waingereza nao wakaopoa ya kwao ya Pegasus wakaiweka magurudumu. Yaani meli mbili zilizopigana Zanzibar zikaendelea kupigana barani, zimeshakufa zote.

Na nani alikuwa anaburuza? Ng'ombe pale ambapo mbung'o hakuwamaliza, na pengine pote ni mabega ya babu zetu. Mzinga wenye tundu la sentimita 10.5 sio kitu cha kubeba, nenda uweke mkono pale kwenye chuma uone unene wake, halafu fikiria matope ya masika, kilima, kamba begani. Wale wa Dar mnaopita kila siku pale Sanamu ya Askari Samora, Mombasa nao wana ya kwao na Nairobi vilevile, zote ni za vita hiyohiyo. Leo mizinga ya maadui hao wawili imewekwa jirani mbele ya ngome ya Mreno, na hakuna anayeitazama.

Haya tuingie ndani.

Pale mlangoni utavamiwa na vijana wa kutembeza watu. Wengine wazuri, wengine wana maneno tu. Mmoja tulikubaliana bei, kufika uwanjani bei ikapanda kwa sababu "hiyo ilikuwa ya nusu tu", na hapo alikuwa ameshaniambia ngome ilijengwa na Vasco da Gama mwenyewe. Vasco alipita Mombasa 1498, ngome imejengwa 1593 hadi 1596, labda alijenga kwa roho. Nikamshukuru tukaachana. Ndipo nikampata mzee mmoja ndani, mpole, kofia ya vito, anaongea taratibu kile Kiswahili cha Mvita, nikamwomba na bei akasema hata kabla sijauliza. Uliza mtu maswali mawili matatu kabla hujampa kazi, ukiona anajibu kila kitu haraka haraka bila kufikiri, mwache.

Mzee akanianzishia kwenye ukuta. "Waona huu ukuta mwanangu, hakuna aliyeuvunja." Kwangu mimi hiyo ndio ziara yote. Ramani aliichora Muitaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa amri ya Mfalme Philip aliyekuwa anatawala Hispania na Ureno kwa pamoja, ngome imekalishwa juu ya mwamba wa matumbawe mdomoni mwa bandari, upande wa nchi kavu wakachimba handaki ndani ya jiwe. Ukiitazama kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala, pembe nne zimetoka kama mikono na miguu ili popote adui atakaposimama apigwe kutoka pande mbili. Hesabu nzuri. Lakini kati ya 1631 na 1875 imebadilisha mikono mara tisa! Na karibu kila mara haikuwa kwa sababu ukuta ulishindwa, walioshindwa walikuwa watu waliokuwa ndani. Mara usaliti, mara njaa, mara maradhi.

Ya kwanza ilitoka ndani kabisa. Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani, Wareno walimpeleka Goa, koloni lao kule India, akiwa mdogo, wakamsomesha, wakambatiza wakamwita Dom Jerónimo, wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao wa mfukoni. Agosti 1631 akaingia ngomeni kama mgeni wa kawaida akamuua kapteni, ngome ikawa yake, akarudi kwenye Uislamu. Wareno wakaja kuizingira mwanzoni mwa 1632 wakashindwa, mwishowe Yusuf mwenyewe akaondoka na meli na wao wakairudia ikiwa tupu. Juu ya mlango mkubwa kuna maandishi ya Kireno ya kumsifu Kapteni Cabreira aliyeitengeneza upya baada ya hapo, jinsi alivyowatia adabu watu wa pwani. Simama uyaangalie. Ni bango la kujisifu la mtu aliyeogopa.

Ila kisa kikubwa ni cha Waomani. Machi 1696 merikebu za Imam Saif bin Sultan zinaingia, Wareno wenye silaha mle ndani ni wachache, kama hamsini na kitu, wengine zaidi ya elfu ni watu wa pwani waliokimbilia ndani, wanaume wanawake watoto. Mzingiro ukadumu mpaka Desemba 1698. Miezi thelathini na tatu. Nenda usimame katikati ya kile kiwanja saa sita mchana, geuka uangalie pande zote nne, halafu waza unaishi humo na watu elfu na zaidi, miaka miwili na zaidi, maji ni ya birika la mvua na kisima cha chumvi chumvi, chakula ni kinachopenya kwa bahari usiku. Mimi nilisimama dakika chache nikatafuta kivuli.

Msaada ukaja kutoka Goa mwishoni mwa 1696 na ugonjwa ukaja nao. Watu wakaanza kufa sio kwa risasi. Kufikia katikati ya 1697 hakuna tena Mreno hai wa kusimamia, na hapa ndipo mzee alipokaa kwenye jiwe kabisa akapumzika kidogo ndio akaendelea, ngome ikawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake kumi na saba, wanaume Waafrika wanane, na wanawake Waafrika hamsini. Basi. Hao ndio walioshika ngome ya Mfalme wa Ureno dhidi ya jeshi la Oman mpaka meli nyingine ilipofika Septemba. Nikamuuliza mzee majina ya hao wanawake, akasema, "Nani ayaandike?"

Hii ndio hoja yangu na nitaisema hata kama wengine watanuna. Kila tangazo la utalii linakwambia "ngome ya Wareno". Sawa, walitoa ramani na amri. Lakini kuna wakati haikuwa na Mreno hata mmoja na bado haikuanguka, na walioisimamisha wengi wao ni wanawake wa kwetu waliokuwa na njaa. Ningependa siku moja nikute ukuta mzima mle ndani umepewa wao, hata bila majina.

Mwisho wake unauma. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani wakapanda ukuta, ndani wamebaki watu wa kuhesabu kwa vidole. Wiki moja baadae, 20 Desemba, merikebu za msaada za Wareno zikatokea baharini zikaona bendera nyekundu ya Oman juu ya ngome. Zikageuza. Wiki moja tu aisee.

Sasa ukiwa na hiyo kichwani ndio uingie kwenye jumba la makumbusho, sio kabla, maana ndani kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu iliyokuja kuokoa ngome ikazama palepale chini ya kuta mwaka 1697. Wapiga mbizi wakaichimbua kuanzia 1976 mpaka 1980. Vitu vya mabaharia, vyombo, vya kawaida kabisa. Ukivitazama bila mkasa utasema sahani. Kuna na kauri za Kichina na vigae vya miji ya kale ya pwani, Gedi na kwingine, kwa wapenzi wa hayo mambo ni tamu, mimi nilipita haraka.

Nilichokaa nacho ni michoro. Wareno walioshinda zamu kwenye pembe ya São Mateus walikuwa wanachora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu, karne ya 17, na kipande cha plasta yenyewe kimehifadhiwa. Meli, meli, meli tena, watu, samaki. Meli moja imechorwa na mtu anayejua kila kamba inafungwa wapi, nyingine ni kama ya mtoto wa darasa la pili, mlingoti umepinda na tanga dogo. Sogea karibu uone mistari ya mkaa ilivyotetemeka. Hawa walikuwa vijana waliotaka kurudi kwao, na mimi ambaye tangu mlangoni nilikuwa nawasema Wareno hapo nilinyamaza kidogo.

Nyumba ya Kiomani iko juu kwenye pembe ya São Filipe, panda. Karne ya 18, mlango wa nakshi, vito na samani, na baridi yake ndani baada ya lile jua ni rehema. Kutoka hapo unauona mji wa kale wote mapaa ya mabati na minara. Ni wakati wa akina Mazrui huo, waliletwa kuitawala Mombasa kwa niaba ya Oman halafu wakasema asante tutajitawala wenyewe, wakakaa karibu karne nzima mpaka Seyyid Said wa Zanzibar alipowaondoa 1837. Katikati hapo Wareno walirudi mara moja, 1728, wakakaa mwaka na nusu hivi, njaa ikawatoa tena Novemba 1729. Njaa, sio mizinga, mnaona.

Mara pekee mizinga ilipofanya kazi yake kweli ni Januari 1875, Akida Muhammad bin Abdallah alipomuasi Sultani wa Zanzibar akajifungia humo, manowari mbili za Waingereza zikapiga kutoka baharini naye akasalimu amri. Baada ya hapo kuta hazikuwa na faida tena kwa vita vya kisasa, zikapewa kazi nyingine, kuanzia 1895 mpaka 1958 ikawa jela. Watu wengi wanasahau hiyo. Wapo wazee Mombasa wanaoikumbuka ngome kama mahali pa kufungwa na sio pa kutembelea, mzee wangu alisema utotoni walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara. Makumbusho ilifunguliwa 1960 na UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia 2011.

Yasiyonifurahisha: kivuli nimeshasema. Viti vya kupumzikia ni haba, ukija na mama mtu mzima au mtu wa magoti mabovu hataweza kupanda kwenye kuta, atabaki kiwanjani, mwelezee mapema asije akakasirika. Watoto wadogo watapenda mizinga na kukimbia, maandishi hayatawakamata, na kingo nyingine za ukuta ziko wazi kwa hiyo mkono usimuachie. Ule ukuta mpya wa baharini wa kuzuia mawimbi yasile mwamba watu walibishana sana kwamba umeharibu sura, mimi naona bora sura iharibike kidogo kuliko ngome nzima iende majini.

Wanaouliza kati ya hii na Ngome Kongwe ya Zanzibar waende wapi: hazifanani. Ile ya Forodhani Waomani waliijenga baada ya kumfukuza Mreno, penye kanisa lake, leo ni ya kupita, kununua picha za kuchora, kusikiliza muziki jioni, unaingia unatoka unavyotaka. Fort Jesus ni ya kutenga asubuhi nzima. Ile Gereza ya Kilwa Kisiwani kwangu ina uzuri wa upweke zaidi, ila kufika huko ni safari. Kama unachagua moja tu kwa ajili ya historia ya vita pwani hii, ni Mombasa, nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia mpaka wale wanawake wapate ukuta wao.

Ukitoka usikimbilie hoteli za karibu zenye menyu ya picha, moja nilikunywa juisi ya ukwaju kwa bei ya chakula cha mchana na ilikuwa maji maji. Tembea uingie uchochoroni mji wa kale, viazi karai vya motomoto na chatne ya ukwaju, dafu, na jioni kahawa chungu na kipande cha halua. Msikiti wa Mandhry uko hatua chache, mnara wake uangalie kwa nje kwa heshima. Vaa nguo za staha, ni mtaa wa watu wanaishi. Na ukipanga kwenda Ijumaa anza na ngome asubuhi halafu mji wa kale baada ya swala, mchana ule maduka mengi milango inafungwa na utabaki unazunguka juani peke yako.